GARY KILDALL: MZEE WA BIOS ANAYETUDAI SHUKRANI NA HATUMJUI

Najua kuna watu wameanza kuuliza nimepotelea wapi. Sijapotea, nilikuwa napigana na kompyuta, na nusura inishinde. Katika kupigana huko nikakutana na marehemu mmoja ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia, ila kila ukikaa kwenye kiti cha kafe, iwe hapa Mbangala, Mkwajuni au kule Tunduma mpakani, unatumia wazo lake. Jina lake ni Gary Kildall, Mmarekani, amefariki mwaka 1994.

Kaa vizuri, kama una dakika chache kabla muda wako haujaisha, soma hadi mwisho.

KILICHONIKUTA

Kafe ninayoshinda haina mashine kubwa ya kusimamia wateja. Kaka mwenye kafe anatumia kompyuta ya bodi moja, yani kompyuta nzima kwenye kibao kimoja kisichozidi kadi ya benki kwa ukubwa. Ni Raspberry Pi ya toleo la mwanzo kabisa, na kazi yake ni kuhesabu muda. Ukikaa inaanza kuhesabu, ukinyanyuka inatoa bili.

Sasa hizi Raspberry Pi za zamani hazina saa yenye betri ndani. Umeme ukikatika, mashine inasahau saa ngapi. Intaneti ikiwepo inaulizia saa mtandaoni. Isipokuwepo, inaendelea kuhesabu kuanzia pale ilipoandika mara ya mwisho, kama mtu aliyezimia akaamka akadhani bado ni asubuhi. Kwa sababu hiyo kaka alinunua kidude cha saa chenye betri ndogo kama sarafu, kikachomekwa kwenye pini za bodi. Kikapiga kazi miaka bila usumbufu.

Tatizo nililileta mimi kwa mikono yangu. Mfumo uliokuwa kwenye kadi yake ya memori ulikuwa wa mwaka 2013, nikasema huu umezeeka, ngoja niapdeti. Nikamaliza bando langu, nikaapdeti kila kitu pamoja na programu dhibiti, ile inayoamsha bodi kabla mfumo wenyewe haujaingia. Ikawaka safi. Nikajiona fundi.

Kumbe ile saa haionekani tena! Kidude kipo, pini zimekaa sawa, betri nzima, lakini kompyuta inafanya kama haikijui. Jioni umeme ukakatika, ukarudi baada ya saa mbili, intaneti bado haijarudi. Wateja wakaingia. Intaneti iliporudi, mashine ikasoma saa sahihi na kuruka mbele kwa mpigo. Dada mmoja aliyekaa dakika 20 akaletewa bili ya saa mbili na dakika 20. Yule dada hakuwa na utani na mtu, na wateja wengine wakaungana naye.

Kaka akasema kesho yake bodi inauzwa kama chuma chakavu, na pengo nitalifidia mimi kwenye posho yangu. Nikaomba siku tatu.

Nikasoma usiku kucha. Nikagundua kwamba hakuna kilichokufa. Kilichobadilika ni namna kompyuta inavyoambiwa ina vifaa gani. Zamani iliambiwa kwa njia moja, sasa inaambiwa kwa njia nyingine, na mimi nilikuwa nimeivusha bila kuipa maelezo mapya. Nikajiuliza, hivi nani alianza hili jambo la kuielezea mashine vifaa vyake pembeni, badala ya kuvichanganya na mfumo wenyewe? Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, hadi nikamfikia Kildall.

MTOTO WA CHUO CHA UBAHARIA

Gary Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 mjini Seattle, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Seattle ni mji wa bandari, na familia yake ilikuwa na chuo cha kufundisha ubaharia. Babu yake ndiye alikianzisha, baba yake naye akafundisha hapo. Kwa hiyo kijana alikulia kwenye mambo ya ramani, nyota na hesabu za kujua chombo kiko wapi baharini.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Washington alitaka kuwa mwalimu wa hesabu. Ndoto ya kawaida kabisa, kama ya vijana wengi wa huku wanaoenda kusomea ualimu. Ila huko chuoni akakutana na kompyuta, na ualimu wa hesabu ukaishia hapo. Mwaka 1972 akapata shahada ya udaktari katika sayansi ya kompyuta.

Wakati huo Marekani ilikuwa vitani Vietnam na vijana waliandikishwa jeshini kwa lazima. Kildall akatimiza wajibu wake kwa kufundisha kwenye chuo cha uzamili cha jeshi la majini kilichopo Monterey, California. Basi ualimu ukampata kwa mlango wa nyuma, na hata baada ya muda wake wa jeshi kwisha akabaki hapo kufundisha kama raia.

BANDA LA NYUMA YA NYUMBA

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu iitwayo 4004. Watu wengi waliiona kama kitu cha kuweka kwenye vikokotoo na taa za barabarani. Kildall akainunua na kuanza kuichezea, akaona ile ni kompyuta kamili iliyofinywa. Akaanza kwenda Intel siku ambazo hafundishi, akiwaandikia programu kama kibarua wa ushauri. Kwenye mwaka 1973 akawatengenezea lugha ya kuandikia programu, PL/M, na mara nyingine malipo yake yalikuwa vifaa badala ya fedha. Hivyo ndivyo alivyojipatia mashine za kufanyia kazi.

Lakini kulikuwa na shida. Zile kompyuta ndogo hazikuwa na mahali pazuri pa kuhifadhi kazi. Watu walitumia mikanda ya karatasi iliyotobolewa matundu. Diski laini zilikuwa zimeanza kutoka, na Kildall akapata mtambo mmoja wa kuzisoma, ila hakuwa na bodi ya kuuunganisha na kompyuta yake. Mtambo ukakaa tu. Mwishowe rafiki yake John Torode, aliyemfahamu toka chuo, akamtengenezea bodi hiyo.

Ikawaka mwaka 1974, kwenye banda la zana nyuma ya nyumba yake, mji mdogo wa Pacific Grove jirani na Monterey. Programu aliyoandika kuiendesha diski ile akaiita CP/M. Ilikuwa mfumo endeshi: inapokea amri zako, inapanga mafaili, inafungua programu. Akaupeleka Intel. Intel wakaichukua PL/M, CP/M wakasema hawaihitaji.

Basi yeye na mkewe, Dorothy McEwen, wakafungua kampuni yao nyumbani. Mwanzoni waliipa jina la utani la kwamba ni ya sayari zote, baadaye likafupishwa likawa Digital Research. Dorothy ndiye aliyesimamia biashara, Gary akabaki na kuandika programu. Hili tulishike, maana mara nyingi Dorothy anatajwa siku moja tu, siku ya IBM, kama vile kabla ya hapo hakuwepo.

MWAKA HUO HUO, HUKU KWETU

Hapa wadau ndipo niliposimama nikacheka, kisha nikanuna. Mwaka huo huo wa 1974, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilikuwa imeingia mwaka 1965 pale Wizara ya Fedha, na mambo ya hesabu kwa mashine yakaenda vibaya, hasara ikapatikana, wakubwa wakaona bora mlango ufungwe. Ulikuja kulegezwa baadaye sana.

Kwa hiyo wakati jamaa anawasha CP/M bandani, baba zetu na wajomba zetu kompyuta ilikuwa kama bidhaa ya magendo. Enzi yote ya Kildall ikatupita. Kompyuta zilipofika kwetu kwa wingi zilishakuwa na Windows, na jina tulilolikuta mlangoni lilikuwa la Bill Gates. Ndiyo maana ukimuuliza kijana wa kafe nani aligundua mfumo wa kompyuta, jibu ni moja tu. Si kosa lake. Tuliingia sinema ikiwa katikati.

KUGAWA KAZI

Sasa tufike kwenye kiini. Katikati ya miaka ya 70 kompyuta ndogo zilianza kuuzwa Marekani na makampuni mengi madogo. Kila kampuni ilikuwa na bodi yake, mtambo wake wa diski, kibodi na kioo chake. Hakuna aliyefanana na mwenzake. Ilikuwa kama miaka ile kila simu ina chaja yake, mtaa mzima unaulizana nani ana ya pini nyembamba.

Kampuni iitwayo IMSAI ikataka CP/M. Lakini mitambo yao ya diski ilikuwa tofauti na ile ya Kildall, kwa hiyo ilibidi mfumo uandikwe upya sehemu nyingi. Akimaliza huyu anakuja mwingine naye ana vifaa vyake. Kildall akachoka. Akishirikiana na Glenn Ewing, mtu wa chuo kile kile cha Monterey aliyekuwa akiwasaidia IMSAI, akafanya jambo ambalo ukiliambiwa leo unaona kama la kawaida kabisa.

Akaugawa mfumo. Yale yote yanayojua vifaa vya mashine husika, namna ya kusoma diski hii, namna ya kuandika kwenye kioo hiki, akayaweka pembeni kwenye kipande kidogo. Kipande hicho akakiita BIOS, yani mfumo wa msingi wa kuingiza na kutoa. Sehemu kubwa iliyobaki haikujua chochote kuhusu vifaa. Ikitaka kusoma diski inamwambia BIOS, BIOS anajua mwenyewe atafanyaje.

Fikiria dereva wa lori anayetoka Dar anavuka Tunduma kwenda Zambia. Hana haja ya kujua kila njia ya panya na kila afisa wa mpakani. Ana wakala wake pale mpakani, anamkabidhi karatasi, wakala anajua taratibu za pale. Ukihamia mpaka mwingine unabadili wakala, lori na dereva ni wale wale. BIOS ndiye wakala.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mtengenezaji wa kompyuta mpya alihitaji kuandika kile kipande kidogo tu, na papo hapo mashine yake inaendesha programu zote za CP/M, mfano WordStar ya kuandikia barua na dBase II ya kupangia kumbukumbu. Wakati CP/M iko juu kabisa ilikuwa ikiendeshwa na aina kama 3,000 za kompyuta. Mwaka 1981 Digital Research iliingiza kama dola milioni 5.4. Nyumbani hapakutosha tena, kampuni ilikuwa kwenye jumba la kizamani, namba 801 mtaa wa Lighthouse, hapo hapo Pacific Grove.

ILE STORI YA NDEGE

Kama umewahi kulisikia jina la Kildall popote, basi umesikia hii. Mwaka 1980 IBM, jitu kubwa la kompyuta, walikuwa wanatengeneza kompyuta ndogo kwa siri na wanatafuta mfumo endeshi. Walimwendea kwanza Bill Gates wa Microsoft, akawaelekeza kwa Kildall. Wakaenda Pacific Grove, na stori inasema Kildall alikuwa hewani anastarehe na ndege yake, akakosa utajiri wa dunia kwa sababu ya matembezi.

Stori tamu, ila si ya haki. Kildall kweli alikuwa na ndege na siku hiyo aliruka, lakini alikwenda kwa mteja wake kikazi. Dorothy ndiye aliyewapokea IBM, kama alivyokuwa akiwapokea wateja siku zote. IBM walitaka kwanza asaini karatasi ya usiri yenye masharti mazito, na yeye akamwita mwanasheria wa kampuni. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Kildall alirudi siku hiyo hiyo. Kilichozungumzwa baada ya hapo wenyewe waliokuwepo walitofautiana, ila makubaliano hayakupatikana.

IBM wakarudi Microsoft. Microsoft haikuwa na mfumo, ikanunua mmoja kutoka kampuni ndogo ya Seattle, mji aliozaliwa Kildall. Uliandikwa na Tim Paterson, na namna programu zinavyouita ulifuata mtindo wa CP/M. Huo ndio ukawa DOS. Kildall alipouona akalalamika, akiona kazi yake imenakiliwa. Wakapatana kwamba IBM itauza na CP/M pia.

Kompyuta ya IBM ikatoka tarehe 12 Agosti 1981. Mnunuzi akifika dukani anakuta DOS dola 40, CP/M dola 240. Wewe ungechukua ipi? Hapo ndipo vita ilipoishia. Bei ile dukani ndiyo iliyommaliza, ile safari ya ndege inasingiziwa tu.

Lakini angalia kilichobaki. Ile kompyuta ya IBM ndani yake kulikuwa na chipu yenye programu ya kuiamsha mashine, na jina lake? BIOS. Zile herufi za diski, A na B kisha C, zilipitia kwenye CP/M. Majina ya mafaili ya herufi nane na kiambishi cha herufi tatu, vilevile. Wengine wakachukua pesa, msamiati ukabaki wa Kildall.

MAISHA BAADA YA DOS

Kildall hakukaa chini kulia. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1990 alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni kuhusu kompyuta, Computer Chronicles, pamoja na Stewart Cheifet. Vipindi hivyo bado vinapatikana mtandaoni. Ukiviangalia unamwona mtu mpole, mrefu, mwenye ndevu, anauliza maswali ya kitaalamu bila kumdharau mgeni.

Mwaka 1985 kampuni yake nyingine iliitoa ensaiklopidia ya Grolier kwenye diski ya CD, wakati watu wengi waliijua CD kama kitu cha muziki tu. Mwaka huo huo Digital Research ikatoa GEM, mfumo wa madirisha na kipanya. Mwaka 1988 ikatoa DR DOS, ikarudi kupambana na Microsoft uwanjani kwao. Mwaka 1991 Digital Research ikanunuliwa na Novell, na Kildall akawa tajiri. Kwa hiyo ile picha ya mtu aliyekosa kila kitu si ya kweli.

Ila moyo haukutulia. Ndoa yake na Dorothy ilikuwa imeshavunjika. Kila alikokwenda aliulizwa kuhusu ndege na Bill Gates. Hata chuo chake cha Seattle kilipoadhimisha miaka ya idara ya kompyuta, mgeni mzungumzaji alikuwa Gates, ambaye hakusoma hapo. Jambo hilo lilimuuma. Akaandika kumbukumbu za maisha yake na kuwagawia ndugu na marafiki mwaka 1993. Pombe nayo ilikuwa imemkamata miaka hiyo ya mwisho.

Tarehe 8 Julai 1994 aliumia kichwani akiwa kwenye baa moja mjini Monterey. Siku tatu baadaye, tarehe 11, akafariki akiwa na miaka 52. Akazikwa Seattle.

KUTOKA BIOS HADI MTI WA VIFAA

Sasa turudi kwenye kafe yetu, maana kuna mdau ameshaanza kuuliza kidude cha saa kimeishia wapi.

Baada ya IBM, kompyuta nyingi za mezani duniani zilimuiga IBM. Zikafanana. Mfumo ukiwashwa unajua vitu viko wapi, na vingine vinajitambulisha vyenyewe. Lakini simu na hizi bodi ndogo hazikumfuata IBM. Nyingi zinatumia chipu za aina ya ARM, na kila mtengenezaji anapanga vifaa anavyotaka. Yani tulirudi kule kule kwenye miaka ya 70 ya Kildall, kila mtu na mitambo yake.

Linux ilipoingia kwenye bodi hizo, maelezo ya kila bodi yaliandikwa ndani ya Linux yenyewe. Bodi mpya ikitoka, watu wanaongeza mafaili mengine ndani. Ikawa rundo. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwenye Linux, akalalamika hadharani kwamba huu upande wa ARM umekuwa vurugu. Ndipo ikaamuliwa kuhamia kwenye mti wa vifaa.

Mti wa vifaa ni faili la maelezo. Linasema bodi hii ina chipu fulani, memori kiasi fulani, kwenye waya fulani kuna kifaa fulani chenye anwani fulani. Linaitwa mti kwa sababu limepangwa kwa shina na matawi. Linakaa pembeni, na wakati wa kuwaka programu dhibiti inalikabidhi kwa Linux kama mzigo na karatasi zake. Wazo hili lilitoka kwenye mashine za kampuni ya Sun, likafanywa kiwango rasmi kwa namba IEEE 1275 mwaka 1994. Mwaka ule ule Kildall aliokufa!

Ona tofauti yake na BIOS ya Kildall. Yeye alitenga programu inayojua vifaa. Mti wa vifaa umesogea hatua moja mbele, umetenga maelezo matupu, hata programu si lazima. Lakini nia ni ile ile ya bandani Pacific Grove: usivuruge mfumo mzima kwa sababu ya kifaa kimoja.

Raspberry Pi ilianza kuuzwa Februari 2012, na ikahamia kwenye mti wa vifaa mwanzoni mwa mwaka 2015. Tangu hapo, ile njia ya waya mbili iitwayo I2C, inayotumiwa na vidude vya saa, hubaki imefungwa hadi uifungue mwenyewe kwenye maelezo. Mfumo wetu ulikuwa wa 2013, kabla ya mabadiliko. Mimi nikaurusha juu ya miaka yote hiyo kwa usiku mmoja. Ile script ya zamani iliyokuwa ikiiamsha saa ikawa inagonga mlango uliofungwa.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Kwenye kadi ya memori kuna faili la maandishi liitwalo config.txt. Kidude chetu ni cha aina ya DS3231, nikaandika:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Nikaondoa ile script ya zamani, pamoja na kile kiprogramu kinachojifanya saa, kinaitwa fake-hwclock. Nikazima, nikawasha. Saa ikaonekana. Nikaisahihisha, nikachomoa waya wa umeme makusudi, nikaenda kula chapati, nikarudi nikawasha bila intaneti. Saa sahihi hadi dakika. Ilikuwa siku ya tatu, jua linazama.

Kwa mwenye bodi kama hii, ushauri wangu ni huu. Kabla hujaapdeti fanya nakala ya kadi yako. Andika pembeni orodha ya vidude ulivyochomeka, na namba zake zilizoandikwa juu ya chipu. Ukimaliza kuapdeti na kitu kikapotea, usikimbilie kusema kimekufa, angalia kwanza kama kimetajwa kwenye maelezo. Kuanzia Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 programu dhibiti ya kuamsha inakaa kwenye chipu ya bodi yenyewe, siyo kwenye kadi, kwa hiyo ukiwa unaiapdeti hakikisha umeme hautakukatikia katikati.

Na si sisi wa kafe tu tunaoguswa. Shirika la Powering Potential lilifunga Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua kwenye shule za sekondari, Karatu na kwingineko hapa Tanzania. Bodi ya namna hiyo ikishindwa kuapdetiwa, wanaoathirika ni wanafunzi. Sisi hatununui mpya kila mwaka. Tunatumia kitu hadi kitoboke. Hii kazi ya kutenga maelezo ya vifaa na mfumo ndiyo inafanya bodi ya zamani iendelee kupokea mfumo mpya.

DENI

Mwaka 2014 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka kibao cha kumbukumbu pale namba 801 mtaa wa Lighthouse, kuitambua CP/M. Mwaka huo huo jumba la makumbusho ya kompyuta la California likaiweka wazi programu ya matoleo ya mwanzo ya CP/M, na mwaka 2016 likachapisha sehemu ya kwanza ya zile kumbukumbu zake. Ni miaka 20 na zaidi baada ya yeye kuzikwa.

Mimi nimemaliza sekondari tu, sina cheti cha kompyuta. Nilipokuwa shule nilifundishwa kwamba kwenye kompyuta kuna aliyeshinda, na wengine hawakutajwa. Sasa najua kwamba aliyeitwa mshindwa ndiye aliyeacha kitu kilichoniokoa posho yangu hapa Mbangala, karibu miaka 50 baada ya kukibuni.

Bodi haikuuzwa. Iko pale pale chini ya meza, inakuhesabia dakika unaposoma hapa. Kaka amekubali yaishe, ila ameniwekea sharti: siapdeti chochote tena bila kumwambia. Yule dada wa dakika 20 alirudishiwa hela yake, na wiki hii amerudi.

Mwenye swali la config.txt, au bodi iliyogoma baada ya kuapdeti, aandike kwenye maoni hapo chini, ataje aina ya bodi na kidude chake. Na kama kuna mdau aliyewahi kuigusa CP/M yenyewe, mzee wetu yeyote aliyeko huko nje, tafadhali tusimulie. Tupo pamoja.